Begi Lina Safari Yake: Mizigo na Ukaguzi Unapounganisha Ndege

Mhudumu wa kaunta akishafunga ile karatasi ndefu kwenye mpini wa begi, sisi hulisindikiza kwa macho tu mpaka litokomee nyuma ya mapazia ya plastiki. Karatasi yenyewe hatuisomi. Ni kosa, maana pale kaunta hakuna kitu kingine kinachosema waziwazi begi linapelekwa wapi. Tiketi inaeleza safari yako wewe. Tagi inaeleza safari ya begi, na safari hizo mbili si lazima zifanane.

Mimi niligundua hilo kwa bahati. Nilikuwa na safari ya ndege tatu, nimeshageuka kuondoka, nikaitupia jicho tagi na kuona herufi kubwa za mji wa pili badala ya wa mwisho. Nikarudi. "Samahani dada, huu mzigo unaishia wapi?" Akaangalia, akaangalia tena, akaguna, akaichana tagi na kuchapisha nyingine bila neno. Haikuzidi nusu dakika. Nisingeuliza, begi lingebaki likizunguka kwenye mkanda wa mji ambao mimi nilikuwa napita tu, bila hata viza ya kutoka nje kulifuata.

Zile herufi tatu kubwa ni msimbo wa uwanja wa ndege. IST ni Istanbul, DOH ni Doha, AMS ni Amsterdam, JFK ni mojawapo ya viwanja vya New York. Ukiwa na ndege za kuunganisha, kituo cha mwisho cha begi ndicho kinachoandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote, na vituo vya kati hufuatana kwa maandishi madogo pamoja na namba za ndege. Chini ya msimbopau kuna tarakimu 10: sita za mwisho ni namba ya begi lako, na tatu zinazotangulia hizo ni za shirika lililoitoa tagi. Kile kipande kidogo wanachokubandikia nyuma ya pasi ya kupandia ndege kina namba hiyohiyo. Wengi hukitupa pamoja na karatasi za peremende, halafu siku ya shida wanakitafuta kwenye kila mfuko.

Tiketi moja, tiketi mbili

Maswali mengi ya mizigo huisha ukijibu moja: safari yako iko kwenye tiketi moja au umeziunga mwenyewe?

Tiketi moja, hata ikiwa na mashirika mawili au matatu ndani yake, ni mkataba mmoja. Mashirika hayo yamekubaliana kupokezana abiria na mizigo, kwa hiyo begi hutagiwa hadi mwisho. Ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, wao ndio wenye kazi ya kukutafutia nyingine. Ukinunua tiketi mbili kila moja peke yake, labda kwa sababu jumla yake ilitoka nafuu, una safari mbili ambazo kwa bahati tu zinakutana kwenye jengo moja. Shirika la kwanza likikutua umefika, na deni lake kwako limekwisha. La pili linakutambua utakapotokea kwenye kaunta yake, na kaunta hizo hufungwa mapema, mara nyingi saa nzima kabla ya ndege kuondoka.

Hebu hesabu maana yake. Unashuka. Unapanga foleni ya uhamiaji, kwa sababu mkanda wa mizigo uko upande wa pili wa dirisha la pasipoti. Hapo unahitaji viza ya nchi ambayo hukuwa na haja nayo. Unasubiri begi. Unapita forodha. Unatoka hadi ukumbi wa kuondokea, ambao huenda uko jengo jingine, unapanga foleni ya kaunta, unapimiwa mzigo upya kwa kanuni za shirika la pili, kisha unaingia ukaguzi wa usalama kama mtu aliyetoka nyumbani asubuhi ile. Shirika la kwanza lilikuruhusu kilo 23, la pili linaruhusu 20, na hizo 3 utazilipia kwa bei ya kaunta, isiyo na huruma.

Wapo wahudumu ambao, ukiwaonyesha tiketi ya pili, watakutagia begi hadi mwisho kama mashirika yote mawili ni ya muungano mmoja. Ni hisani, si haki, na mashirika mengi siku hizi yameikataza kabisa. Mimi nisingepanga safari kwa kuitegemea. Kama ni lazima uunge tiketi mwenyewe, safiri na begi la mkononi peke yake au weka usiku mzima katikati.

Hata kwenye tiketi moja kuna mtego mdogo. Kila uwanja una muda wa chini kabisa unaohesabika kuwa unatosha kuunganisha ndege, na mfumo wa kuuza tiketi hautakuuzia pungufu ya huo. Saa 1 na dakika 5 inaweza kuwa halali kabisa. Lakini kipimo hicho kinachukulia kwamba ndege ya kwanza itatua kwa wakati, na hakijui kama utakaa kiti cha mstari wa 47 nyuma ya familia yenye watoto watatu waliolala.

Sheria ni ya nchi unayopita

Sasa tuseme tiketi ni moja na tagi inasoma sawasawa. Bado nchi unayopita inaweza kukuambia uchukue begi lako.

Marekani ndiyo inayowashangaza watu zaidi. Kwa kawaida, yeyote anayetua kutoka nje hupita uhamiaji na forodha kwenye uwanja wa kwanza kabisa, hata kama ndege inayofuata inampeleka nchi nyingine. Hakuna ule ukumbi wa wapitaji ambao mtu hukaa bila kuingia nchini, ndiyo maana hata mwenye kuvuka tu kwenda Mexico huhitaji viza, angalau ile ya kupita iitwayo C-1, au kibali kwa raia wa nchi zilizosamehewa viza. Begi lako linaweza kuwa na tagi ya mji wa mwisho, na bado unapaswa kulitoa kwenye mkanda, kulivusha forodha, kisha kulikabidhi tena. Makabidhiano yenyewe ni mepesi: ukishatoka tu mlango wa forodha kuna mkanda mwingine na mfanyakazi anayeuliza unakwenda wapi. Anasoma tagi, unalitupia begi juu ya mkanda, basi. Kinachowaponza watu ni kupita moja kwa moja kuelekea geti wakiamini tagi imemaliza kila kitu, huku nyuma begi likizunguka mpaka litolewe na kuwekwa pembeni.

Kabla hujalikabidhi, lifungue. Kama ulinunua manukato au chupa kubwa ya kinywaji kwenye duka lisilotozwa ushuru, iingize ndani ya begi hapohapo. Hatua chache mbele kuna ukaguzi mwingine, na pale chupa hiyo inaweza kuishia kwenye pipa. Nimewaona watu wazima wakijaribu kuimaliza wakiwa wamesimama.

Kuna njia ya pembeni. Kwenye baadhi ya viwanja vya nje, vikiwemo Dublin, Shannon, Abu Dhabi na vile vikubwa vya Kanada, maofisa wa Marekani wenyewe wapo, na unamaliza uhamiaji kabla ya kupanda. Ukitua upande wa pili unahesabiwa kama umetoka mji wa jirani.

Ulaya ina mtindo wake. Ukitoka nje ya eneo la Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kati yao, na kuunganisha kwenda mji mwingine ndani ya eneo hilo, pasipoti hukaguliwa uwanja wa kwanza, lakini begi la chini ya ndege husonga lenyewe hadi uwanja wa mwisho, na forodha huliangalia huko. La mkononi huangaliwa pale ulipoingilia. Ukiona ukumbini mabegi yenye tagi za kingo za kijani, hayo yamepakiwa kwenye uwanja wa ndani ya Umoja wa Ulaya. Ile rangi humwambia ofisa wa forodha bila kuuliza. Australia, kwa upande wake, iko karibu zaidi na Marekani: ukiendelea na ndege ya ndani, begi unalichukua uwanja wa kwanza.

Safari ambayo ni ya kimataifa pande zote mbili ndiyo rahisi. Doha, Istanbul au Singapore hukutani na uhamiaji, na begi linahamishwa chini ya miguu yako. Hata hivyo, usidhani kubaki ndani ya jengo kunakuondolea suala la viza kila mahali. Nchi za Schengen na Uingereza zina viza maalumu ya kupita uwanjani kwa raia wa baadhi ya nchi, hata wasiotoka nje ya ukumbi. Shirika litaikagua kabla hujapanda ndege ya kwanza, kwa hiyo ukiwa huna, hutakwama katikati ya njia. Utakwama mwanzo.

Mbona nilishakaguliwa?

Swali hili husikika kwenye kila foleni ya wanaounganisha ndege, kwa lugha zote. Umepita mashine, umevua mkanda, umekaa ndani ya ndege iliyofungwa saa nane. Unafungua laptopu tena ya nini?

Jibu ni kwamba nchi haiulizi kama umekaguliwa. Inauliza umekaguliwa na nani. Umoja wa Ulaya unaukubali ukaguzi wa nchi kadhaa, zikiwemo Marekani, Kanada na Singapore, kwa hiyo atokaye huko anaweza kushuka na kwenda geti jingine bila kupekuliwa. Atokaye kwingine hupanga foleni. Si suala la abiria mwenyewe wala pasipoti yake. Ni viwango vya vifaa na mikataba baina ya serikali. Abiria wawili wanaokwenda geti moja wanaweza kupitishwa milango tofauti kwa sababu hiyo tu.

Humo ndimo chupa zinamopotelea. Kikomo cha mililita 100 kilizaliwa baada ya Agosti 10, 2006, polisi wa Uingereza walipowakamata watu waliopanga kulipua ndege kadhaa za kuvuka Atlantiki kwa vilipuzi vya majimaji vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Miezi michache baadaye kanuni ilikuwa imeenea nchi nyingi: kila chupa isizidi mililita 100, zote zikae kwenye mfuko mmoja unaoonekana ndani, wa lita 1. Kinachohesabiwa ni ukubwa wa chupa. Chupa ya mililita 200 yenye mafuta robo haipiti, hata ubishane vipi.

Mashine mpya zinazopiga picha za pande zote zimeanza kuilegeza kanuni hiyo. Edinburgh, kwa mfano, huruhusu hadi lita 2 na hutoi kitu ndani ya begi. Habari njema kwa anayeruka moja kwa moja. Kwa anayeunganisha ni mtego, kwa sababu kilichopita salama ulikotoka kitakutana na mashine ya zamani katikati ya njia. Pakia kwa kuufikiria ukaguzi mkali kuliko yote ulio njiani, sio wa kwanza.

Cha dukani baada ya ukaguzi hutiwa kwenye mfuko maalumu unaofungwa kwa gundi, risiti ikionekana ndani. Mfuko huo ndio pasipoti ya chupa yako: mahali pengi utakubaliwa kwenye ukaguzi unaofuata, mradi haujafunguliwa. Ukiufungua kwenye ndege ili unuse manukato tu, umeyageuza kuwa chupa ya kawaida iliyozidi kipimo. Na usisahau unga. Kwa safari za kwenda Marekani, tangu 2018, unga wa aina yoyote unaozidi mililita 350 kwenye begi la mkononi unaweza kusimamishwa na kuchunguzwa. Weka wa kwako kwenye begi kubwa.

Ukikuta pasi yako imechapwa herufi SSSS, usitetemeke. Maana yake umechaguliwa kwa upekuzi wa ziada kwenye safari ya Marekani, na mara nyingi hufanyika getini penyewe. Toka dukani mapema uende.

Pawabenki inahitaji neno lake. Haipaswi kuwa ndani ya begi linalowekwa chini ya ndege, popote pale, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto huko hakuna mtu wa kuuzima haraka. Hadi saa-wati 100 (Wh, kipimo cha nishati ya betri) hubebwa mkononi bila kuomba ruhusa. Kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika. Nyingi zimeandikwa mAh, na hesabu yake ni hii: zidisha mAh kwa volti 3.7, gawanya kwa 1,000. Ya mAh 20,000 inatoka 74, inapita. Tatizo humpata anayeunganisha pale ndege ya pili inapokuwa ndogo na wahudumu wakaanza kuchukua mabegi ya mkononi getini ili yakae chini. Unaombwa ghafla, watu wakiwa nyuma yako, na ndani ya begi hilo kuna pawabenki, dawa, funguo na hati zako. Hivyo vitu viweke tangu nyumbani kwenye kifuko kimoja unachoweza kukichomoa kwa mkono mmoja.

Begi lisilo na mwenyewe

Huenda umewahi kukaa ndani ya ndege iliyojaa, milango imefungwa, halafu rubani anatangaza kwamba kuna abiria hakutokea na mizigo yake inashushwa. Watu wanasonya. Dakika 25 zinapita.

Sababu yake ni mabegi mawili. Juni 23, 1985, ndege ya Air India namba 182 ililipuka juu ya Atlantiki karibu na Ireland, wakafa wote 329. Bomu lilikuwa kwenye begi lililokabidhiwa Vancouver na mtu aliyeng'ang'ania litagiwe kupitia Toronto hadi ndege ile, ingawa kiti chake hakikuwa kimethibitishwa. Kaunta ilikuwa na foleni. Mhudumu mwishowe akakubali. Begi likapanda, mwenyewe hakupanda. Miaka mitatu baadaye, Desemba 21, 1988, ndege ya Pan Am namba 103 ililipuka juu ya Lockerbie, Scotland, wakafa watu 270, 11 kati yao wakiwa majumbani mwao. Mahakama ilikubali kwamba sanduku lenye bomu lilianzia Malta, likahamishiwa ndege nyingine Frankfurt, kisha likaingia ndege ile London. Hakuna abiria aliyeandamana nalo.

Yote mawili yalikuwa mabegi ya kuunganisha. Ule urahisi tunaoupenda, wa begi kuruka kutoka ndege hadi ndege bila sisi kuligusa, ndio uliotumika. Tangu hapo kanuni ya safari za kimataifa ni kwamba begi halisafiri bila mwenyewe. Ukizurura dukani ukaikosa ndege ya pili, begi lako litatafutwa na kushushwa.

Lakini kuna upande wa pili, na huu huwachanganya watu: begi likitenganishwa nawe bila wewe kupanga, yaani limechelewa kuhamishwa, linaruhusiwa kukufuata peke yake baada ya uchunguzi. Mtu anayetaka kudhuru hawezi kutegemea ajali ya namna hiyo.

Likikosekana

Ripoti za kila mwaka za SITA, kampuni inayoendesha mifumo ya mizigo ya viwanja vingi, zinaonyesha kwamba mabegi mengi yanayokosekana hukwama pale yanapohamishwa toka ndege moja hadi nyingine. Haishangazi. Wakati wewe unakimbia na roho mkononi, begi linapaswa kutolewa tumboni mwa ndege, kusomwa msimbo, pengine kupitishwa kwenye eksirei, kupangwa, kuendeshwa kwa kigari hadi ndege nyingine na kupakiwa kabla milango haijafungwa. Wewe unaweza kuruka foleni kwa kuomba radhi. Begi haliombi.

Tangu Juni 2018 mashirika wanachama wa IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, yanatakiwa kufuatilia kila begi kwenye hatua nne: linapopokewa, linapopakiwa, linapohamishwa na linaporudishwa kwa mwenyewe. Ndiyo maana mhudumu wa dirisha la mizigo anaweza kukuambia limelala mji gani, ukimpa ile namba ya kipande kidogo.

Nenda kwenye dirisha hilo kabla hujatoka ukumbini, na uende kwa shirika lililokuleta mwisho, hata kama unaamini kosa ni la wa kwanza. Mkataba wa Montreal wa 1999 unakuruhusu kulidai shirika la kwanza, la mwisho, au lile ambalo mzigo ulipotelea mikononi mwake. Wagombane wenyewe baadaye. Utapewa taarifa ya maandishi yenye namba ya herufi na tarakimu 10, ambayo mfumo wa WorldTracer huitumia kulitafuta. Begi likifika limevunjika, una siku 7 za kulalamika kwa maandishi. Likichelewa, siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Lisipoonekana kabisa ndani ya siku 21, una haki ya kulihesabu limepotea na kudai. Kikomo cha fidia kwa abiria, tangu Desemba 28, 2024, ni SDR 1,519, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) ambacho thamani yake hubadilika kila siku. Hicho ni kikomo, si malipo ya moja kwa moja: utaulizwa risiti, za vilivyopotea na za mswaki na shati ulivyonunua ukisubiri. Kamera na vito vya thamani huzidi kiasi hicho haraka, basi visiwekwe humo. Kesi mahakamani ina miaka 2.

La kwangu liliwahi kukwama pia, safari nyingine, tiketi moja, tagi nimeisoma herufi kwa herufi. Ndege ya kwanza ilichelewa kutua, mimi nikakimbia nikawahi, begi halikuwahi. Lililetwa mlangoni siku ya tatu na kijana mwenye karatasi ya kusaini. Juu ya tagi yangu walikuwa wamefunga nyingine, imeandikwa RUSH kwa herufi kubwa, na chini yake msururu wa miji miwili ambayo mimi sijawahi kuiona.